Sura ya 5: Hesabu ya Betri

Saa kumi na moja alfajiri Mbagala Rangi Tatu imeshaamka. Makondakta wanaita abiria wa Kariakoo, mama wa vitumbua keshabandika karai, na pale kijiweni kijana wa bodaboda anabonyeza stata kwa mara ya nne. Inamjibu kwa mlio mmoja mkavu, "ta", kisha kimya. Anapiga kiki. Injini inawaka, lakini akiachia mafuta tu taa inafifia na kuwa nyekundu kama kaa la mwisho jikoni. Abiria wake wa kila asubuhi anatazama saa, anamwomba radhi, anapanda pikipiki ya jirani.

"Betri mpya hii," kijana akaniambia. "Hata wiki mbili haijamaliza."

Nilikwenda naye mpaka kwa fundi umeme, mzee anayefanya kazi chini ya mwarobaini, sanduku lake la spana likiwa ndilo kiti chake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Isogeze kivulini."

Mzee hakuigusa betri. Alifungua skrubu mbili za taa ya mbele, akaivuta taratibu, na nyuma yake likafuata furushi la nyaya. Akazipitia moja moja kwa kidole: huu wa chaji ya simu, huu wa redio na spika mbili, huu wa taa mbili za LED zilizofungwa kwenye ngao, huu wa honi ya pili, huu wa mkanda wa taa za rangi chini ya tangi, na huu mwembamba unaingia kwenye kifaa ambacho bosi alikifunga ili ajue pikipiki yake iko wapi. Zote sita zilikuwa zimeviringwa kwenye waya mmoja uliomenywa, na juu yake tepu nyeusi iliyolainika kwa jua mpaka inanata vidoleni.

"Hesabu ya bosi unapeleka kila siku?" akauliza.

"Kila siku, fundi."

"Na ya betri?"

Kijana alinyamaza. Tangu siku ile nimeona vijana wengi wakinyamaza hivyo hivyo, kuanzia Chamazi na Tandika mpaka Tegeta na Bunju. Hesabu ya bosi wanaijua hata usingizini. Hesabu ya betri hakuna aliyewafundisha, wakati ndiyo inayoamua kama ile ya bosi itapatikana.

Umeme unatoka wapi

Betri haizalishi umeme. Betri ni kibubu: inatoa kile kilichowekwa ndani yake. Anayetafuta fedha za kuweka kwenye kibubu ni magneti, iliyojificha chini ya kava la ubavuni mwa injini. Humo mna sumaku zinazozunguka pamoja na injini, na koili za waya wa shaba zilizotulia. Kila sumaku inapopita mbele ya koili, umeme unazaliwa. Kazi hii ni ya zamani: mwaka 1897 karakana ya Robert Bosch, mjini Stuttgart, Ujerumani, ilifunga magneti kwenye injini ya chombo cha magurudumu matatu cha De Dion-Bouton ili kutoa cheche ya kuwashia mafuta. Pikipiki iliyoegeshwa kijiweni leo ni mjukuu wa kazi hiyo.

Umeme unaotoka kwenye magneti una tabia mbili ambazo fundi lazima azijue. Kwanza, ni mkondo geu, unaokwenda na kurudi, ilhali betri inataka mkondo mnyoofu unaokwenda upande mmoja. Pili, unapanda na kushuka kadiri injini inavyozunguka. Hapo ndipo regulata inapoingia, kile kidude cha bati chenye mapezi ya kupozea joto. Inaunyoosha mkondo, kisha inauzuia usipande kupita kiasi, ili betri ipokee volti kati ya 13.5 na 14.5.

Kwa hiyo kabla hujafunga chochote kwenye pikipiki, chukua mita na upime betri mara mbili. Pikipiki ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzima yenye chaji ya kutosha husoma 12.6 mpaka 12.8. Washa injini, vuta mafuta kidogo, upime tena. Ukisoma 14 na ushee, magneti na regulata wako kazini. Ukisoma 12.4 na namba inazidi kushuka, hakuna kinachoingia kwenye kibubu, na betri mpya haitakusaidia. Ukisoma zaidi ya 15, regulata imekufa na betri inachemshwa ikiwa hai. Vipimo hivi viwili havimalizi dakika tano, na vingemwokolea kijana wetu bei ya betri nzima.

Mapato na matumizi

Magneti ya pikipiki ndogo ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, mfano wa Boxer na TVS zilizojaa Dar es Salaam, huzalisha kwa kawaida kama wati 100 hivi injini ikizunguka kwa kasi. Ikiwa imeachiwa mafuta, unapata sehemu ndogo tu ya hizo. Hayo ndiyo mapato yote.

Sasa matumizi. Taa kubwa hula wati 35. Taa ya nyuma 5, na ukikanyaga breki inaongezeka 21. Kila indiketa 10. Ongeza taa za dashibodi, mfumo wa cheche, na kile kinachorudi kwenye betri ili kuijaza. Usiku, ukiwa mwendoni, pikipiki yenyewe imeshakula karibu robo tatu ya mapato kabla hujafunga hata swichi moja ya ziada. Kinachobaki mkononi ni wati 25, labda 30.

Kanuni ya kupigia hesabu hii ni fupi, na ningependa kila kijiwe kiibandike ukutani: wati ni volti mara ampea. Chaji ya simu inayotoa volti 5 na ampea 2 ni wati 10. Ongeza zinazopotea kama joto, zinafika 12. Gawa kwa volti 12 za betri, unapata ampea 1. Hiyo inabebeka. Lakini taa mbili za LED za wati 20 kila moja ni 40. Redio na spika zake ikipigwa kwa nguvu ni 15 au 20. Kijana wetu alikuwa anatumia wati zaidi ya 70 pale penye nafasi ya 30. Tofauti ilitolewa kwenye kibubu kila usiku, na mchana wa foleni za Barabara ya Kilwa, injini ikinguruma polepole, haukutosha kuirudisha.

Na kuna saa za kukaa kijiweni, injini imezimwa, redio inaimba. Chukua redio ya wati 15: ni ampea 1 na robo. Betri ya ampea-saa 4, kwa karatasi, ingeibeba saa tatu na kidogo. Lakini betri ya risasi na asidi haipendi kukamuliwa. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara, sahani zake zinaanza kuota chumvi ngumu na uwezo wake haurudi tena. Kwa hiyo saa zako halisi ni moja na nusu. Mtu anayesikiliza mpira mzima pamoja na dakika za mapumziko amekwisha kula betri yake.

Sisemi haya ili kuwanyang'anya vijana starehe. Chaji ya simu leo ni kitendea kazi. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, Uber ikafika Dar es Salaam mwaka 2016, na huduma nyingine za kuita usafiri kwa simu zikafuata. Tangu hapo simu ndiyo inayoleta abiria, inayoonyesha njia ya Madale usiku, na inayopokea nauli. Simu ikizima, dereva amefunga duka. Ndiyo maana chaji iwe ya kwanza kwenye orodha ya matumizi, na mkanda wa taa za rangi uwe wa mwisho.

Njia ya waya

Ukishajua unachoweza kubeba, kinachofuata ni njia. Kila kifaa cha ziada kinahitaji vitu vitatu: pa kuanzia, ulinzi, na pa kurudia.

Pa kuanzia pawe betri yenyewe. Usiibie umeme kwenye waya wa taa ya mbele. Kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu taa ile inalishwa mkondo geu moja kwa moja kutoka kwenye magneti bila kupita kwenye betri. Ndiyo sababu inang'aa ukivuta mafuta na kufifia ukiachia. Ukiunga chaji ya simu hapo, unailisha chakula kisicho chake, na itaungua ukajilaumu kwa kununua ya bei rahisi.

Ulinzi ni fyuzi, na ikae karibu na betri, umbali usiozidi kiganja. Wengi wanadhani fyuzi inalinda kifaa. Fyuzi inalinda waya. Waya ukichubuka na kugusa bodi, betri inaumwagia umeme wote ilio nao kwa mkupuo. Bila fyuzi waya unageuka hita, na juu yake kuna tangi la petroli. Kwa waya wa milimita za mraba 0.75, fyuzi ya ampea 5 inatosha. Kwa chaji ya simu peke yake weka 2 au 3. Fyuzi za kisasa za kuchomeka zina rangi zake: nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano ni 20. Ikikatika, tafuta kilichoikata. Anayeifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ameondoa mlinzi mlangoni na kumwachia mwizi ufunguo.

Pa kurudia ni ethi. Umeme usiporudi kwenye hasi ya betri, hakuna kinachofanya kazi. Mafundi wengi hubana waya wa ethi kwenye boliti yoyote ya fremu iliyo karibu, lakini fremu imepakwa rangi, na rangi haipitishi umeme. Kwangua mpaka uone chuma cheupe, bana, kisha paka grisi kidogo juu yake, maana hewa ya pwani ina chumvi na haichelewi kuleta kutu. Ukiweza, rudisha waya wa ethi mpaka kwenye betri yenyewe. Nusu ya matatizo ninayoyaona, taa inayocheza na honi inayokoroma, ni ethi mbaya tu.

Kwa vifaa vyenye uchu wa umeme, kama taa za ziada au honi kubwa, ongeza relei. Usiiogope, pikipiki yako tayari inayo: ndiyo ile inayolia "ta" ukibonyeza stata. Relei ni swichi inayobonyezwa na umeme mdogo ili ifungulie umeme mkubwa. Chini yake utakuta namba 30, 85, 86 na 87, zilizotoka kwenye kanuni za Kijerumani za DIN 72552, na ni zilezile kuanzia lori la Tunduma mpaka bajaji ya Temeke. Namba 30 inapokea chanya ya betri kupitia fyuzi. Namba 87 inakwenda kwenye kifaa. Namba 85 na 86 ni za koili ya ndani: moja ethi, nyingine ichukue umeme uliokwisha kupita kwenye swichi ya ufunguo. Ukifunga hivi, ukichomoa ufunguo kila kitu kinazima, na hutaacha taa zikiwaka mpaka asubuhi. Swichi ya usukani nayo haibebi mzigo mkubwa, kwa hiyo haiungui.

Rangi zinazodanganya

Niliwahi kuunguza kifaa changu mwenyewe kwa kuamini rangi. Nilikuwa nimezoea pikipiki za Kichina, ambazo nyingi zinafuata mpangilio wa Honda, kampuni iliyotoa CG125 mwaka 1976 na umbo lake likaigwa dunia nzima. Humo kijani ni ethi, nyekundu ni chanya ya betri, na nyeusi ni chanya iliyopita kwenye ufunguo. Kisha nikaletewa Boxer. Bajaj, kampuni inayoitengeneza, ilishirikiana na Kawasaki ya Japani kwa miaka mingi, na mpangilio wa rangi unafuata ukoo huo. Huko waya mweusi wenye mstari wa njano ni ethi. Mimi nikaona nyeusi, nikauchukulia kama ule niliouzoea. Cheche moja, na relei ya indiketa ikaaga dunia mkononi mwangu.

Tangu hapo siungi waya kabla ya testa kusema. Washa ufunguo, gusa: taa ya testa inawaka. Zima ufunguo, gusa tena: imezima. Huo ndio waya uliopita kwenye swichi. Ikiendelea kuwaka, umeshika waya wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Na kama pikipiki imepita kwa mafundi watatu kabla yako, rangi hazina maana yoyote tena, kwa sababu kila mmoja aliunga kwa kipande alichokikuta mfukoni.

Shingoni mwa pikipiki

Ninataka uinamie pikipiki uangalie mahali pamoja: shingo, pale usukani unapozunguka juu ya fremu. Kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, na utazame nyaya zinavyovutwa na kulegea. Dereva wa bodaboda anafanya hivyo mara nyingi mno kwa siku, kwenye makorongo ya Toangoma na vichochoro vya Yombo. Waya uliokazwa hapo unachoka. Haukatiki kwa siku moja: nyuzi zake za shaba zinakatika mmoja baada ya mwingine ndani ya mpira, nje hakuna dalili, mpaka umebaki uzi mmoja unaobeba mzigo wa ishirini na kupata moto.

Acha ulegevu wa kutosha pale shingoni, na pitisha nyaya zako pamoja na zile za kiwandani, kwa sababu aliyeichora pikipiki alishaifikiria njia hiyo. Zibane kwa vibano vya plastiki, lakini visikaze kama kamba ya mbuzi. Ziepushe na bomba la moshi.

Viungo navyo vina heshima yake. Waya wa kuviringwa kwa vidole na kufunikwa tepu unaishi mpaka masika. Mvua ikiingia, shaba inaota ukungu wa kijani, na ukungu huo unazuia umeme kama kizibo. Tumia viunganishi vya kubana kwa koleo, au lehemu kwa risasi kisha funika kwa mpira unaosinyaa ukipashwa moto. Kiungo kilicholehemiwa ni kigumu, kwa hiyo kikae mahali pasipojikunja. Shingoni pasiwe na kiungo kabisa.

Kifaa cha bosi

Mikataba ya bodaboda, ambapo kijana anapeleka hesabu mpaka pikipiki iwe yake, imeleta kifaa cha kufuatilia pikipiki. Hiki hakizimi ufunguo ukichomolewa, na hakitakiwi kuzima, kwa kuwa kazi yake ni kulinda chombo usiku. Chukulia kinakula ampea 0.05. Ni kidogo sana, lakini zidisha kwa saa 24: ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 4 iliyolala ndani siku mbili kwa sababu dereva anaumwa imeshashuka chini ya nusu. Kinafaa kifaa kinachojua kusinzia pikipiki ikitulia, kikatumia sehemu ndogo tu ya umeme huo. Na bosi anayetaka kuona pikipiki yake kwenye simu amweleze dereva hilo mapema, kuliko kumdai betri baadaye.

Taa ni za kuona na za kuonwa

Kuhusu taa za LED nitasema wazi. Dereva wa Mbande anazihitaji, kwa sababu barabara nyingi za huko hazina taa na shimo halipigi honi. Lakini taa nyeupe kali iliyoelekezwa machoni mwa anayekuja inamfanya kipofu kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo ndizo mtoto anapovuka. Zielekeze chini, ziwe na swichi yake, na uzizime unapopishana na mwenzako. Vimulimuli na ving'ora ni vya magari ya dharura. Anayevifunga kwenye bodaboda anaifanya barabara isimwamini aliyembeba mgonjwa kweli.

Kuandika kazi

Ufundi huu unafundishika. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Chang'ombe, hapo hapo Temeke. Lakini mafundi wetu wengi wamejifunza chini ya mwarobaini kama ule, kwa kuangalia, na ninawaheshimu. Ninachowaomba ni kimoja tu, na nilikiona kwa mzee yule.

Alimaliza saa nne asubuhi. Mkanda wa rangi aliuondoa, kijana mwenyewe akakubali. Honi ya pili aliiondoa pia. Taa mbili zilibadilishwa kwa ndogo za wati chache, zikafungwa kwa relei, fyuzi na swichi yake, kwa sharti kwamba redio isipigwe zikiwa zinawaka. Chaji ya simu ilipata waya wake na fyuzi ya 3. Kifaa cha bosi kilipata kiungo cha kulehemiwa. Betri ilikuwa imechoka ila haijafa, akaipeleka kwa jirani ijazwe kwa chaja polepole mpaka jioni.

Kisha akavua kava la pembeni, akalipangusa kwa kanga kuukuu, akachukua kalamu ya wino mzito na kuandika kwa ndani, herufi kubwa: chaji, fyuzi 3, waya mwekundu. Taa, fyuzi 5, relei chini ya kiti. Wati 24. Tarehe.

"Hii ya nani, fundi?" kijana akauliza.

"Ya fundi atakayeifungua mimi nisipokuwepo," mzee akasema. "Na ya kwako, siku ukitaka kuongeza kitu. Ukilisoma hili utajua una nafasi kiasi gani."

Jioni betri ilirudi. Kijana akabonyeza stata mara moja, injini ikaitika. Mzee aliweka mita kwenye betri, akamwonyesha namba: 14.1. Akamwambia awashe taa kubwa, kisha zile mbili, kisha achomeke simu. Namba ikashuka mpaka 13.6, ikatulia hapo.

"Umeona ilipotulia?" akasema. "Hapo hesabu imefungwa."